Sindano Inamsalimia Nani

Usingizi uliomchukua Mwanakombo mchana ule haukuwa wa raha. Ulikuwa usingizi wa mtu aliyechoka kujibu. Tangu usiku wa jana alikuwa akijibu, na kila aliyemjibu alimtikisia kichwa kwa upole, kama anavyotikisiwa mgonjwa anayedai amepona. Jana hiyo, katika ghuba iliyo mbele ya kijiji chao cha Utende, kisiwani Mafia, alikuwa amefanya mtihani wa mwisho wa kuwa kiongozi wa wapiga mbizi: kushuka gizani kwa kamba ya nanga, kuifuata dira iliyofungwa mkononi hadi kwenye nguzo iliyosimikwa mchangani, kisha kugeuza na kurudi kwenye kamba ile ile bila kutoa kichwa juu ya maji. Mchana njia hiyo aliipita mara nyingi na hakukosea hata siku moja. Usiku alikwenda kama alivyofundishwa, jicho kwenye sindano, tochi karibu na dira ili aisome vizuri, na mwenzake Faki nyuma yake. Aliogelea mpaka hewa ya mtungi ikaanza kupungua, asiione nguzo wala kamba. Walipoibuka, taa ya boti ilikuwa mbali kama ya mtu anayetafuta kandambili ua wa jirani, na mkondo ulikwisha kuanza kuwavuta kwenda mlango wa bahari kuu. Ikabidi boti iwafuate.

Aliyewavuta kutoka majini alikuwa Mwalimu Nasoro, mtu aliyemfundisha Mwanakombo kila kitu anachokijua chini ya maji, na ambaye jana, kabla hajashuka, alimvulia tochi yake mwenyewe, ile nzuri ya kitufe cha kusukuma, akamvisha shingoni kwa mkono wake. Alimfunika taulo, akawageukia vijana wengine wa kituo cha mbizi waliokuwa botini, akasema taratibu, "Msimcheke. Aliogopa tu. Giza la chini si mchezo." Mwanakombo akasema hakuogopa, aliifuata sindano. Wenzake wakaangalia vidole vya miguu yao. Asubuhi mwalimu akaja hadi nyumbani, akakaa barazani na Shangazi Mize aliyemlea Mwanakombo, akaeleza kwa heshima zote. Mkubwa wa kituo anataka kujua kilichotokea. Kama si woga, basi ni dira mbovu au mafunzo mabovu, na hapo watu wote watakosa usingizi. Nafasi ya kiongozi atapewa Faki. Mwanakombo atakaa kaunta, apokee wageni, kazi safi, kivulini. Kinachotakiwa ni neno moja tu, alasiri, mbele ya wenzake: niliogopa.

"Sema, mwanangu, yaishe," Shangazi Mize alimwambia mwalimu alipoondoka. "Kuogopa si aibu. Mimi naogopa hata kisima."

"Si aibu, shangazi," Mwanakombo akajibu. "Lakini si kweli."

Sisi tunaoisimulia habari hii hatujawahi kushuka chini zaidi ya magoti, lakini watu wa yaishe tunawajua. Wana sauti laini, hawana ubaya na mtu, na wamezika mambo mengi ya kweli kuliko maadui wote wakijumlishwa. Mwanakombo naye aliwajua, na alikuwa amekasirika mpaka masikio yanamuwaka. Kilichomtesa zaidi ya hasira ni kwamba hakuwa na jibu. Aliifuata sindano, na sindano ilimpoteza. Basi kama hakuogopa, kilichompata ni nini? Aliingia chumbani, akaurudisha mlango bila kuufunga, akajilaza juu ya mkeka na nguo zake za kazini, dira bado mkononi, tochi ya mwalimu pembeni ya mto. Alitazama dari mpaka dari ikaanza kuyumba, ikawa rangi ya buluu iliyokolea, na kamba ya nanga ikashuka kutoka juu yake ikampitia begani, naye akaishika kama alivyozoea na kuanza kushuka.

Alishuka mno. Kina kikapita kina chote alichowahi kufika, na hakuwa na mtungi mgongoni wala miwani usoni, lakini pumzi ilimtosha na macho yaliona. Alipogusa chini alijikuta katika nchi ya mchanga mweupe, yenye njia, nyumba za matumbawe na watu waliokwenda huku na huko, kila mmoja na taa yake, nusu wakitembea na nusu wakielea. Juu yao hapakuwa na jua wala nyota, ila maji meusi yaliyosimama kama usiku usio na haja ya kucha. Karibu na mwisho wa kamba alikaa mwanamke wa rika lake, chumvi imemkauka kwenye nyusi, hana taa wala haonyeshi kuitamani. Alisema jina lake ni Yakini, na kwamba amemngoja tangu jana.

"Nakwenda kwenye nguzo," Mwanakombo akamwambia. "Nikiigusa nirudi kwenye kamba hii. Nipeleke."

"Sipeleki mtu," Yakini akasema. "Nasindikiza. Nchi hii haina jua wala nyota, mwenzangu, na kila unayemwona anakwenda anakovutwa. Mmoja anavutwa na tumbo, mwingine na jirani yake, na wote huita kule kuvutwa njia. Wewe una sindano. Itazame, na kila itakapogeuka jiulize imegeuzwa na nini. Mimi nitakuuliza swali moja tu huko mbele, na sitalijibu. Lakini ujue kamba hii haikai siku zote. Ukiwakubalia wenzio wakuandikie jina la kosa lako, itavutwa juu bila wewe."

Wakaondoka, Mwanakombo mbele, mkono umenyooka, dira imelala sawa juu ya kifundo cha mkono. Hawakwenda mbali kabla ya kumkuta bwana mnene aliyeogelea amefumba macho, mikono kifuani, nyuma yake msururu mrefu wa watu walioshikana miguu. Huyo alikuwa Mazoea. Mkononi alivaa dira kubwa ya shaba inayong'aa, na Mwanakombo alipomuuliza inaonyesha wapi, aliifunika kwa kiganja kama mtu aliyeulizwa umri wake. "Hii ni ya kupendezea," akasema. "Mimi njia naijua. Hapa kuna mwamba wa pembe, pale kuna shimo la samaki mkunga, mbele kuna mchanga, basi. Sijapotea tangu nizaliwe." Mwanakombo akataka kujua kama amewahi kutoka nje ya mtaa huu. Mazoea akashangaa, akasema nje ya mtaa huu kuna nini, na msururu wote nyuma yake ukarudia, kuna nini, kuna nini. Mwanakombo alicheka, kwa sababu ile sauti alikuwa ameisikia mahali fulani akiwa macho, ingawa hakukumbuka ni ya nani.

Mbele zaidi njia ikazibwa na geti la jiji. Lilikuwa geti zuri, limepakwa rangi mpya, na bawabu wake alikaa kwenye kiti cha uvivu na birika la chai pembeni. Hakuwa na rungu wala bunduki. Alikuwa na tabasamu. Jina lake, alisema akinyanyuka kumpokea, ni Bwana Yaishe, na hapo ni kwake, karibu sana, akae, apoe.

"Hapa hatuulizi kilichotokea, binti yangu," Yaishe akasema, akimmiminia kikombe. "Kilichotokea kina kazi gani? Tunauliza kinachomaliza. Ukisema tu, niliogopa, geti liko wazi, ndani kuna kivuli, kuna kiti chako, na hakuna atakayekukumbusha. Wamepita hapa watu wenye akili kukuzidi. Wote walisema, na wote wanalala vizuri."

"Sikuogopa," Mwanakombo akasema.

"Hilo najua. Nani amekuuliza kama uliogopa? Nimekuomba useme."

Yaishe alikwisha kuchukua kitambaa amfute machozi, lakini Mwanakombo hakuwa nayo. Akasema kama wanataka aseme Hofu alimshika, basi Hofu mwenyewe aitwe. Watu waliokuwa ndani ya geti wakasogea kusikiliza. Yaishe hakupenda, lakini desturi ya jiji ni kutomkatalia mtu kitu kidogo, akatuma mjumbe. Baada ya muda Hofu akaja. Mwanakombo alitazamia jitu la kutisha. Alimwona kijana mwembamba, shati limepigwa pasi, ana adabu za mtu anayeingia kila nyumba na kula kila sahani. Akawaamkia wote, mmoja mmoja, kwa majina yao, na wote waliitika bila kumtazama.

"Usiku wa jana nilikuwa kazini ghubani," Hofu akaeleza. "Sikanushi. Nilikaa botini muda mrefu, kifuani kwa mtu mzima mmoja ambaye simtaji, maana ni mteja wangu na ana heshima zake. Yule kijana wa nyuma nilimgusa kidogo kwenye goti walipoibuka. Huyu bibi nilimpitia pia, nikamwamkia mara mbili. Alikuwa anasoma dira yake. Hakuitika, nikaona nisimsumbue."

Watu wakacheka, na Yaishe akaweka birika chini kwa kishindo. Kwa mara ya kwanza tabasamu lilimtoka. Akasema basi kama si Hofu, Mwanakombo atoe jina lingine hapo hapo, na kama hana, asiwapotezee watu muda. Na kweli hakuwa nalo. Alisimama mbele ya umati ule akiwa mikono mitupu, na moyo ulimuuma, kwa kuwa kujua jambo usiloweza kulithibitisha ni upweke mkubwa.

"Jina sina," akasema. "Nikilipata nitalileta mwenyewe, hata kama ni langu. Lakini hilo mlilonalo ninyi si la kwangu, na sitalivaa kwa sababu limeshashonwa."

"Basi hupiti," Yaishe akasema.

Mwanakombo akalitazama geti kutoka chini hadi juu. Lilikuwa imara, lakini waliolijenga walikuwa watu wa kutembea, na wamesahau kwamba nchi yao iko chini ya maji. Akapiga miguu mara moja, akanyanyuka, akapita juu ya geti la Bwana Yaishe taratibu, kwa makusudi, mpaka kivuli chake kikapita juu ya birika la chai. Ndani watoto wawili walimnyooshea vidole, na mmoja akajaribu kupiga miguu kama yeye kabla hajavutwa na mamaye. Yakini alikuja nyuma yake.

Upande wa pili giza lilikuwa zito kuliko mahali pote walipopita, na sindano haikuonekana tena vizuri. Alipoinamisha uso karibu na kioo cha dira, mwanga wa joto ukamwangukia begani, na harufu ya udi na ya nguo zilizoanikwa juani. Mwanamke alikuwa amefika pembeni yake, khanga mbili mwilini, taa nzuri mkononi, uso ambao mtu akiutazama anajisikia ameshakula. "Utaumia macho, mwanangu," akasema. "Mimi ni Fadhila. Nimekushikia taa tangu ukiwa mchanga. Twende, nikumulikie." Akaisogeza taa mpaka ikagusana na dira. Tangu atoke getini kwa Yaishe, Mwanakombo alikuwa hajui ni kiasi gani alihitaji mtu wa kumsogelea.

Wakaenda. Sindano iling'aa, namba zilisomeka, na Mwanakombo aliifuata kwa moyo mmoja, huku Fadhila akimweleza habari za utotoni mwake, jinsi alivyofungwa mgongoni, jinsi alivyotengewa mnofu wa samaki na yeye Fadhila akala kichwa. Wakapita tumbawe lenye umbo la ubongo, lina ufa katikati. Wakaenda sana. Wakapita tumbawe lenye umbo la ubongo, lina ufa katikati. Mwanakombo akakaza jicho kwenye dira, akarekebisha mkono, akaenda kwa uangalifu zaidi, na pumzi ikaanza kuwa fupi kama ya mtungi unaokwisha. Tumbawe likaja tena, na ufa wake. Nyuma kabisa, juu ya maji meusi, alisikia kamba ya nanga ikitikiswa na watu wanaojiandaa kuivuta.

Ndipo Yakini akauliza lile swali lake. "Sindano inamsalimia nani?"

Mwanakombo akatazama. Hakutazama namba, alitazama sindano yenyewe, ncha yake nyekundu, na akaona imeinama kuelekea taa ya Fadhila. Fadhila akihama kulia, inahama naye kulia. Akipita kushoto, inamfuata kushoto, kwa adabu, kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni. Muda wote alikuwa akiifuata sindano, na sindano ilikuwa ikimfuata aliyemmulikia.

"Mama," akasema, "sogea."

Fadhila akasimama. "Mimi?"

"Sogea mbali na dira yangu."

"Mimi niliyekubeba?" Machozi yakamjaa yule mwanamke, na yalikuwa machozi ya kweli, hayakuwa ya ujanja. "Nimekukosea nini? Nilitaka uone tu."

Kwa Yaishe ilikuwa rahisi. Hapa haikuwa rahisi, maana kumkatalia anayekutakia mabaya ni kazi ya mchana mmoja, na kumkatalia anayekupenda ni kazi unayoweza kuzeeka hujaifanya. Akamshika mkono. "Hujanikosea," akasema. "Na taa yako naitaka. Lakini simama pale, urefu wa mkono wangu, unimulikie kutoka pale. Ukinikaribia kuliko hapo sitafika ninakokwenda, nitafika kwako tu." Fadhila akafuta uso kwa ncha ya khanga, akarudi nyuma hatua, na nyingine. Taa bado ilitosha. Sindano ikatikisika kama kitu kilichoamshwa, ikazunguka, ikapita pale ilipokuwa imelala, ikatulia upande mwingine kabisa. Mwanakombo akageuka nayo, akapiga miguu, na hazikupita pumzi nyingi kabla mkono wake ulionyooka haujagonga mti mgumu wenye chaza. Ilikuwa nguzo.

Alizinduka mkono umenyooka, vidole vimegusa ukuta. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha. Kupitia mlango uliokuwa nusu wazi alimwona Shangazi Mize ukumbini, juu ya mswala, amesimama ameelekea kibla kama anavyoelekea kila siku. Mwanakombo akabaki amelala, akimtazama mgongo. Katika kisiwa chao kibla ni kaskazini, na kila mtoto wa Utende anajua hivyo kabla hajajua kuhesabu. Akateremsha macho kwenye dira iliyo mkononi. Ncha nyekundu haikuelekea alikoelekea shangazi. Ilielekea kwenye mto.

Pembeni ya mto ilikuwa tochi ya Mwalimu Nasoro. Akaketi. Akaichukua tochi, akaisogeza mbali, na sindano ikazunguka, ikaenda kusimama sawasawa na mgongo wa shangazi. Akairudisha, nayo ikarudi. Akakisukuma kile kitufe kizuri mbele na nyuma, na sindano ikacheza nacho. Ndani ya kitufe mlikuwa na sumaku. Alicheka peke yake, kisha akalia kidogo, kisha akajifunga mtandio. Aliona sasa na lile jingine, ambalo halikuwa la sumaku: kwamba tangu asubuhi watu wawili wanaompenda kuliko wote walikuwa wamemkaribia sana, kila mmoja na taa yake, na nusura awaelekee wao na kuita huko njia. Shangazi alipotoa salamu ya mwisho na kugeuka, alimkuta yuko mlangoni.

"Unakwenda kusema?" Shangazi akauliza.

"Nakwenda kusema, shangazi. Si hilo ulilonituma."

Kituoni walikuwa wamekusanyika wote, Faki na vijana wenzake wamekaa juu ya mitungi, mwalimu amesimama nyuma ya kaunta ile ambayo Mwanakombo alikuwa amepangiwa. Mwanakombo aliamkia, akavua dira, akailaza juu ya kaunta. "Mwalimu," akasema, "kibla ni upande gani?" Mwalimu Nasoro akanyoosha mkono bila kufikiri, kama mtu anayeonyesha mlango wa nyumba yake, na sindano ilikuwa imelala sambamba na mkono wake. Kisha Mwanakombo akaweka tochi pembeni ya dira, mahali pale pale alipoishikilia jana usiku, na wote wakainama kutazama sindano ikigeuka.

Faki ndiye aliyesema, "Inaelekea tochi yako, mwalimu."

Mwalimu aliisogeza tochi, akairudisha, akaisogeza tena. "Nimeshuka nayo usiku miaka yote hii," akasema, kama anajiambia. "Lakini sindano siitazami. Naijua miamba." Mkononi mwake dira ya kazi iling'aa, haina hata mkwaruzo, na Mwanakombo akakumbuka ile sauti ya Mazoea alikoisikia. Aliichukua tochi, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Ahsante, mwalimu. Ulinipa kwa moyo mweupe. Leo nitashuka tena, na tochi ndogo ya kawaida, na nitaishika mbali na dira. Lakini jana ulisema mbele ya hawa kwamba niliogopa."

Mwalimu angeweza kusema basi, tumeelewana, yaishe. Neno hilo lilikuwa mdomoni kwake, watu waliliona. Alimtazama Mwanakombo, na Mwanakombo hakuinamisha macho wala hakumsaidia.

"Hakuogopa," Mwalimu Nasoro akawaambia vijana. Akaiweka tochi chini ya kaunta, akakaa. "Nilipoona hamwibuki, mwanangu, aliyeogopa ni mimi."

Mwanakombo aliitikia kwa kichwa. Hofu alikuwa amekataa kumtaja mteja wake, na sasa mteja amejitaja. Akaifunga dira mkononi, akaenda kuchagua mtungi uliojaa.